Visingizio na Ari ya Kujaribu Tena

Matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani, maelezo huanza kabla wanafunzi hawajatawanyika. Mmoja husema mtihani ulikuwa mgumu kupita kiasi. Mwingine husema mwalimu alimwonea. Wa tatu husema taa za bweni huzimwa mapema. Wa nne husema, pengine kwa sauti ya chini, kwamba ukoo wao hauna kichwa cha hesabu. Wazee hulimaliza shauri hili kwa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini mtu anayekitaka cha mvunguni aache kuinama.

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kuondoa dhana moja. Si kila anayetaja sababu ya kushindwa hutoa kisingizio. Taa ikizimwa imezimwa, na mwanafunzi aliyelala na njaa hawezi kuambiwa kwamba njaa yake ni uvivu. Shule isiyo na maabara humnyima mwanafunzi kitu cha kweli, na ni kosa kubwa kuyageuza mazungumzo juu ya ari kuwa njia ya kuwanyamazisha wanaodai vitabu na madawati. Tofauti baina ya sababu na kisingizio haimo katika ukweli wa maneno, bali katika kazi yanayofanya maneno hayo. Sababu humwonyesha mtu pa kushika: taa huzimwa saa nne, basi hesabu zifanywe alasiri. Kisingizio, hata kikiwa kweli tupu, hufunga mlango. Linalohitaji maelezo ni kwa nini mtu mmoja hutafuta pa kushika na mwenzake hufunga mlango, hali wote wawili wameshindwa mtihani ule ule.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, waliokuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, walichapisha taarifa ya jaribio walilolifanya kwa makundi matatu ya mbwa, kila kundi mbwa 8. Mbwa wa kundi la kwanza walifungwa kwa mikanda na kupewa mishtuko ya umeme, lakini kila mmoja aliweza kuuzima umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa chake. Mbwa wa kundi la pili walipata mishtuko ile ile kwa muda ule ule, ila vibao vyao havikuzima chochote. Umeme ulikuja na kuondoka bila wao kuwa na neno. Kundi la tatu halikupata mshtuko wowote. Siku iliyofuata mbwa walitiwa, mmoja mmoja, katika sanduku lenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na kizuizi kifupi. Umeme ulipopita sakafuni, mbwa aliyeruka kizuizi aliokoka. Wa kundi la kwanza wote walijifunza kuruka. Katika kundi la tatu alishindwa mmoja tu. Katika kundi la pili walishindwa 6 kati ya 8; wengi wa namna hiyo walijilaza wakavumilia mpaka umeme ulipokatwa. (Majaribio ya aina hii kwa wanyama hupingwa vikali siku hizi, na ni haki yapingwe.)

Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba makundi mawili ya kwanza yalipata maumivu sawa. Kwa hiyo si maumivu yaliyowavunja moyo mbwa wa kundi la pili. Kilichowavunja ni kwamba tendo lao na tokeo lake havikuwa na uhusiano. Wataalamu hao waliiita hali hiyo unyonge wa kufunzwa: mnyama amejifunza kwamba afanyalo halina maana, na somo hilo amelibeba hata mahali ambapo kuruka kidogo tu kungemwokoa.

Nadharia hiyo ilifundishwa vyuoni kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2016 Maier na Seligman wenyewe waliandika kwamba walikuwa wameisimamisha kichwa chini. Kwa muda mrefu Maier alikuwa akichunguza ubongo wa panya, na uchunguzi huo ulionyesha kwamba unyonge haufunzwi. Ndiyo hali ya asili ya mnyama aliyepatwa na taabu ya kudumu, nayo huanzishwa na seli za neva zilizomo katika shina la ubongo. Kinachofunzwa ni kinyume chake, yaani kutambua kwamba tendo hubadili jambo. Sehemu ya mbele ya ubongo ikishatambua hivyo, hupeleka ishara za kuzizuia zile seli za shina. Tena mnyama aliyewahi kuonja uwezo huo hupata namna ya kinga: akikutwa baadaye na taabu asiyoweza kuizuia, hanyong'onyei upesi kama wengine.

Ubongo wa panya si ubongo wa mwanafunzi, na haifai kuruka kutoka maabara hadi darasani kwa hatua moja. Hata hivyo ugunduzi huu unaigeuza imani moja ya kawaida. Watu wengi hudhani kwamba ari hutangulia na tendo hufuata, hivyo mwanafunzi mlegevu huhutubiwa ili ari impande. Ushahidi waelekea upande mwingine: ari hukua baada ya mtu kuona, kwa macho yake, kwamba alilolifanya limeleta tofauti.

Je, dawa yake ni kuwapa wanafunzi kazi nyepesi ili wazoee kufaulu? Mwaka 1975 Carol Dweck alichapisha utafiti juu ya watoto 12 waliojulikana kwa kukata tamaa upesi mno kila walipokosea. Baadhi yao walipewa kwa siku nyingi mazoezi ya hesabu waliyoyafaulu daima. Wengine walipewa mazoezi ambayo mara kwa mara yaliwashinda, na kila yalipowashinda waliambiwa kwamba wangepaswa kujitahidi zaidi. Wale waliozoeshwa kufaulu tu, walipokutana na hesabu ngumu, walivunjika moyo kama zamani. Waliofundishwa kuieleza shida yao kwa kipimo cha juhudi waliendelea kufanya kazi, na wengine walifanya vema zaidi baada ya kukosea.

Hapa lazima pawe na tahadhari. Neno “jitahidi” si hirizi. Mwanafunzi anayekokotoa kwa njia isiyo sahihi, akiambiwa tu aongeze juhudi, atarudia kosa lile lile mara kumi na kutoka akiwa amevunjika kuliko alivyoingia; amuhitajiye ni mtu wa kumwonyesha mstari ambao hesabu yake ilipotokea. Lililo baya zaidi ni kumwambia kwamba hana kichwa cha hesabu. Kisingizio hicho hakukitunga mwenyewe. Amepewa na mwalimu, tena kikiwa na muhuri.

Ipo pia aina ya kisingizio kinachotayarishwa mapema. Mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maswali, mengine yasiyokuwa na jibu kabisa, kisha wakawasifu wote kwamba wamefanya vizuri sana. Kabla ya duru ya pili waliwaambia wachague moja ya dawa mbili: moja ilisemekana kuchangamsha akili, nyingine kuipumbaza. Dawa zote mbili zilikuwa za kubuni. Wanaume waliosifiwa kwa maswali yasiyojibika walielekea kuchagua dawa ya kupumbaza. Wakishindwa, lawama ingeangukia dawa. Wakifaulu, sifa ingekuwa maradufu. Mwanafunzi anayekesha dansini usiku wa kuamkia mtihani pengine anatafuta dawa hiyo hiyo. Tena sifa isiyotokana na tendo inafanana sana na kibao kisichozima umeme.

Kisa cha Erasto Mpemba kinajulikana na walimu wengi wa fizikia, lakini husimuliwa kama kisa cha maji, ilhali ni kisa cha ari vilevile. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, ambako wavulana walijitengenezea aiskrimu. Siku moja, akichelea kukosa nafasi katika jokofu, alitia maziwa yake yangali moto. Yaliganda mbele ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, Shule ya Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya kauli hiyo kuwa mzaha.

Mtu angetarajia anyamaze, na angekuwa na sababu ya kutosha. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho mbwa wa kundi la pili hawakuwa nacho: jokofu lilimjibu. Alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akatia bilauri mbili za maji, moja ya moto na moja ya baridi, akaona tena barafu ikitangulia katika ile ya moto. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipozuru shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea hifadhi ya wanyamapori Mweka, karibu na Moshi.

Suala lenyewe halijakwisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza Henry Burridge na Paul Linden waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo katika maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walilionyesha waziwazi katika chembe ndogo mno zilizoelea majini. Shule yenye jokofu yaweza kulirudia jaribio kwa vyombo viwili sawa, maji ya ujazo mmoja yenye joto tofauti, kipimajoto na saa.