Fremu ya miwani: usichague kwa kioo peke yake

Katika nyumba nyingi utakuta kuna miwani iliyolala kwenye droo. Daktari alipima, fedha zikalipwa, mwenyewe akaivaa wiki mbili kisha akaiacha. Ukimuuliza atakwambia inamuumiza nyuma ya masikio, au inateleza, au wenzake wanamcheka. Mara nyingi namba ya lenzi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye fremu, ile iliyochaguliwa kwa dakika tano mbele ya kioo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikivaliwa mjini.

Kutaka kupendeza si vibaya. Kitu unachokaa nacho usoni kuanzia alfajiri hadi kulala kina haki ya kukupendeza. Tatizo ni kwamba mitindo haikai. Miaka ya 2000 watu walikuwa wanataka fremu nyembamba za mstatili, baadaye zikarudi zile kubwa za plastiki nene kama za wazee wetu wa miaka ya 1970. Pua yako haibadiliki na mitindo, kwa hiyo anzia hapo.

Fremu nyingi zinazoletwa madukani zimetengenezwa kwa ajili ya pua nyembamba iliyoinuka tangu kati ya macho. Wengi wetu pua zetu ni pana na hazikuinuka sana hapo juu. Matokeo yake fremu inakaa juu ya mashavu badala ya pua, na kila ukitoka jasho inashuka. Kama una pua ya namna hiyo, tafuta fremu yenye vile vijipira viwili vya kukaa puani. Fundi anaweza kuvisogeza vikakaa sawasawa. Fremu ya plastiki isiyo na vijipira ni vigumu kuirekebisha hapo, labda iwe imetengenezwa makusudi kwa pua pana. Ukiwa bado dukani, inamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano chini, halafu cheka kwa nguvu. Ikiteleza, au mashavu yakiinyanyua, irudishe kwenye kabati hata kama muuzaji anakusifia.

Tazama pia upande wa ndani wa mkono wa fremu. Utaona namba kama 50-20-140. Hizo ni milimita: upana wa lenzi, nafasi ya juu ya pua, na urefu wa mkono. Kama unayo miwani ya zamani iliyokukaa vizuri, nakili namba zake uende nazo.

Mwenye namba kubwa ya kutoona mbali ndiye anayeumizwa zaidi na mtindo wa fremu pana, kwani lenzi zake ni nyembamba katikati na nene pembeni. Chukua fremu ya 56-18. Ukijumlisha unapata 74. Ikiwa mboni zako zimeachana milimita 62, zimebaki milimita 12, yaani kitovu cha kila lenzi kitasogezwa ndani milimita 6. Ukingo wa nje unabaki mnene na mzito kama kitako cha chupa, na lawama anapewa daktari. Mtu huyu achague fremu ndogo, ya duara au inayokaribia duara, ambayo macho yake yanakaa katikati ya lenzi. Kwa mwenye lenzi za kuonea mbali juu na kusomea chini, fremu iliyo fupi sana kwenda chini haifai. Itakata ile sehemu ya kusomea.

Dada zetu wana jambo lao ambalo wauzaji wengi hawalikumbuki. Wanajaribu fremu wakiwa wamelegeza mtandio, wakifika nyumbani na kuubana, mikono ya miwani inagandamizwa kichwani kutwa nzima. Kichwa kinauma, wanadhani ni macho. Jaribu fremu ukiwa umejifunga kama unavyojifunga siku zote, na ukae nayo angalau robo saa. Mikono myembamba na bapa hupita vizuri chini ya kitambaa kuliko ile minene. Kwa mwenye kuvaa nikabu, lenzi zikikaa karibu mno na uso zitajaa mvuke wa pumzi.

Halafu kuna sijda. Paji la uso na pua vinatakiwa vifike chini, na fremu kubwa inaweza kuzuia. Wapo wanaovua miwani na kuiweka mbele yao kwenye mkeka, lenzi zikiangalia chini. Hivyo ndivyo lenzi za plastiki zinavyochubuka, na wapo waliokanyagiwa miwani na wa safu ya mbele. Bora uwe na kikasha kigumu cha mfukoni.

Kuhusu umbo la uso, husemwa kuwa uso wa duara upewe fremu yenye pembe na uso wa pembe upewe ya mviringo. Ushauri huo haudhuru, ila mimi naamini zaidi nyusi: ukingo wa juu wa fremu ufuate mstari wake, na upana wake usizidi uso. Kama ngozi yako huwashwa na hereni za bei rahisi, huenda ni nikeli. Kwako fremu ya titani au plastiki ni salama zaidi.

Mtoto usimchagulie fremu kubwa "ili akue nayo," kama tunavyofanya na viatu. Jicho la mtoto lisipopata picha safi katika miaka ya mwanzo, ubongo huzoea kutolitumia, na kulirudisha baada ya umri wa miaka saba au minane huwa kazi ngumu. Kwa hiyo miwani anayoificha kwenye begi kwa aibu inaweza kumgharimu uwezo wa kuona. Mwache achague rangi mwenyewe, hata kama wewe huipendi. Wewe simamia kipimo, na omba lenzi za polikaboneti ambazo hazivunjiki kirahisi. Ukimwona anatazama juu ya fremu badala ya kupitia kwenye lenzi, usimgombeze. Fremu imeshuka, mrudishe kwa fundi aibane.