Masereka: Kabla ya kubadilisha bomba la moshi la pikipiki, jua unachonunua

Asubuhi, kwenye njia ya Masereka kwenda Butembo, pikipiki husikika kabla ya kuonekana. Zinashuka na magunia ya viazi, kabichi na vitunguu, kisha zinapanda tena na abiria, sukari na sabuni. Katika milio hiyo kuna ile inayozidi yote. Mwenye pikipiki ametoa bomba la moshi la kiwanda akaweka lingine, ama amekata lile la zamani na kutoa vyuma vya ndani.

Wanaofanya hivyo hutoa sababu mbili: pikipiki ilie vizuri, na ipate nguvu ya kupanda mlima. Kuhusu mlio, wanapata wanachotaka. Kuhusu nguvu, hesabu inasema jambo lingine.

Bomba linafanya kazi gani?

Kila mara moshi unapotoka kwenye injini, unaacha nyuma yake nafasi tupu kidogo ndani ya bomba. Nafasi hiyo husaidia kuvuta moshi uliobaki, ili hewa mpya na esansi viingie vizuri. Ndiyo maana kiwanda hupima upana na urefu wa bomba kulingana na ukubwa wa injini.

Ukiweka bomba pana kupita kiasi, moshi unatembea polepole na ule mvuto unapungua. Pikipiki inaweza kukimbia kwenye tambarare, lakini inalegea injini inapozunguka polepole. Na hapo ndipo dereva wa Masereka anahitaji nguvu: kwenye vitesi vya chini, na gunia nyuma, na tope chini ya matairi.

Pikipiki nyingi za kazi katika eneo letu, kama Boxer na TVS, zina injini ya sentimeta za ujazo 100 hadi 150. Nguvu yake ni ya farasi karibu 8 hadi 12. Chukua pikipiki ya farasi 10. Hata bomba zuri likikuongezea asilimia 5, umepata nusu farasi tu.

Sasa tazama mlima wenyewe. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1.000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo cha mita 2.000, pikipiki ya farasi 10 inabaki na karibu 8. Mlima umechukua farasi wawili, bomba limerudisha nusu.

Kwa hiyo anza na mambo ya bei ndogo: safisha chujio cha hewa, kaza mnyororo vizuri, na umwombe fundi arekebishe kabureta kulingana na kimo cha hapa. Kwenye milima, kabureta iliyopimwa kwa tambarare hutoa esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Pikipiki inakula sana, inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu.

Ukiamua kununua

Kwanza, chagua bomba lililotengenezwa kwa injini yenye ukubwa kama wa yako. Pima mdomo wake pamoja na ule wa bomba la zamani. Bomba la pikipiki kubwa halitaifanya ndogo ikue.

Pili, chungulia ndani. Bomba linalofaa lina vyumba vya kupunguza sauti, ama mrija wenye vitundu vingi uliozungushiwa pamba isiyoungua. Likiwa tupu kama mrija wa maji, unanunua makelele tu.

Tatu, angalia mahali linapofungwa kwenye injini. Hewa ikiingia hapo, bomba litapiga mipasuko kila unapopunguza mwendo. Usikubali bomba lifungwe bila kipete kipya cha kuziba.

Nne, lazima liwe na kinga ya joto upande wa mguu. Abiria wengi wamebaki na kovu kwenye shavu la mguu kwa sababu ya bomba la moto, na mama aliyebeba mtoto hawezi kuruka haraka.

Tano, baada ya siku chache za kazi, toa buji uitazame. Ikiwa ya rangi ya kahawia, injini inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi kama masizi, esansi ni nyingi. Ikiwa nyeupe, esansi ni kidogo, injini inapata joto kali na pistoni iko hatarini. Mrudie fundi kabla ya safari nyingine. Na usiuze bomba la zamani mpaka uwe na uhakika.

Masikio, sheria na hofu

Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kuvumilia sauti ya desibeli 80 kwa masaa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi masaa 4 kwa juma. Bomba lililotobolewa linaweza kupita kiwango hicho, na dereva wa pikipiki hukaa juu yake kutwa nzima. Masikio yakiisha kufa hayarudi, na dereva asiyesikia honi ya lori nyuma yake yuko hatarini.

Sheria nayo haiko upande wa makelele. Mkataba wa Vienne wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, unataka kila chombo chenye injini kiwe na kifaa cha kupunguza sauti ya moshi.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na wakaaji wa Beni, Butembo na Lubero hawahitaji kuelezwa sana. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, watu wamejifunza kusikiliza usiku. Mwezi Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, maelfu ya jamaa walipanda kuelekea Lubero na Butembo na vitanda vyao kichwani. Kwa watu hawa, mpasuko wa bomba la moshi hautofautiani na risasi. Mtoto anaingia chini ya kitanda, mama anaacha sufuria jikoni, na sokoni watu wanaanza kukimbia bila kuuliza.

Kijana anayezima ufunguo kwenye mteremko ili bomba lipasuke anaona ni mchezo. Anayesikia akiwa ndani ya nyumba hajui kama ni mchezo.

Bomba zuri linaweza kutoa sauti nzito, tulivu, inayopendeza, bila kumwamsha mgonjwa. Hilo ndilo la kutafuta. Abiria naye ana sauti yake: kwenye kituo, achague pikipiki itakayomfikisha Butembo bila kichwa kuuma. Wateja wakikimbia makelele, wenye mabomba matupu watayabadilisha upesi kuliko amri yoyote.