Kemikali Zisizoonekana: Upimaji wa Maji ya Kunywa Kambini na Vijijini, Ukanda wa Mikese

Mto Ngerengere, ambao huanzia katika miteremko ya milima ya Uluguru na kulijaza bwawa la Mindu kabla ya kuupita mji wa Morogoro, huelekea mashariki kupitia ukanda wa Mikese hadi Ngerengere, ilipo kambi ya anga ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kisha huungana na mto Ruvu, ambao ni tegemeo la wakazi wa Dar es Salaam. Kwa kuwa mashamba, viwanda, karakana na kambi vimo katika bonde hilohilo, usalama wa maji ya askari hauwezi kutenganishwa na ule wa maji ya wanavijiji.

Kuchemsha maji, kinga iliyozoeleka majumbani, huua vijidudu lakini hakuondoi madini ya risasi wala naitreti, ambazo hukolea zaidi kadiri mvuke unavyopaa. Kemikali nyingi hazina rangi wala harufu, hivyo hugunduliwa maabara tu, na maabara nayo huona kile ilichoelekezwa kukitafuta.

Jambo hilo lilidhihirika katika kambi ya Camp Lejeune nchini Marekani, ambako kuanzia mwaka 1953 hadi 1987 askari na familia zao walikunywa maji yenye viyeyusho, yaani vimiminika vya kuondolea grisi na madoa. Wakemia waliokuwa wakipima kemikali zitokanazo na klorini inapotiwa kwenye maji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliona vipimo vyao vikivurugwa na kemikali nyingine. Mwaka 1982 trikloroethilini, kimojawapo cha viyeyusho hivyo, ilifikia mikrogramu 1,400 kwa lita, ilhali kikomo kilichowekwa baadaye ni 5, na bado visima vikuu vilifungwa mwishoni mwa 1984 na mwaka 1985. Kucheleweshwa huko hakuna utetezi. Sehemu ya uchafuzi ilitoka kwa dobi aliyekuwa nje ya kambi.

Orodha ya vipimo, basi, inapaswa kutokana na shughuli za mahali penyewe: benzini kwa ajili ya mafuta ya ndege, risasi kwa ajili ya viwanja vya shabaha, na PFAS, kemikali zisizooza za baadhi ya mapovu ya kuzimia moto, pamoja na viuatilifu vya mashambani. Kuzitaja si kudai kwamba zimeonekana Ngerengere. Sampuli ya viyeyusho hujazwa kwenye chupa ya kioo pasipo kuacha hata kiputo cha hewa, kwa sababu viyeyusho hupaa upesi, na sampuli huchukuliwa masika na kiangazi, kwa kuwa mvua husomba uchafu na ukame huukoleza.

Maji ya ardhini husafiri polepole, kwa hiyo kati ya matangi ya mafuta na kisima cha kunywa huchimbwa visima vya uangalizi. Matokeo ya vipimo vya visima hivyo yakifika pia kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na kwa viongozi wa vijiji, kisima kilicho hatarini huweza kufungwa kabla kemikali haijakifikia.