Dawa ya Maumivu Yenye Vichwa Viwili

Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Mji umekaa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake kavu ni adui wa watoto wenye selimundu, au drepano kama wengi mjini wanavyoiita. Baridi hubana mishipa, seli nyekundu zilizopinda zikakwama, na mfupa uliokosa damu ukaanza kuuma. Kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, Kongo hutajwa mara baada ya Nigeria na India.

Maumivu yakifikia hapo, parasetamoli haifui dafu. Inahitajika morfini, na morfini inaogopwa: mwili huizoea, dozi hupanda, uraibu hunyemelea, na ikizidi hukata pumzi.

Wanakemia wamejaribu kuiondoa hofu hiyo kwenye molekuli yenyewe. Tangu 1973 inajulikana kwamba morfini hunasa kwenye vipokezi maalumu vya ubongo. Vikuu ni mu, delta na kapa. Mwaka 1999 Bryen Jordan na Lakshmi Devi walionyesha kwamba kapa na delta huweza kushikana viwili viwili, na jozi hiyo ikawa na tabia ambayo hakuna kipokezi kati ya hivyo kilicho nayo kikiwa peke yake. Baadaye mu na delta nazo zikaonekana kufanya hivyo.

Philip Portoghese wa Chuo Kikuu cha Minnesota akaunda molekuli yenye vichwa viwili: kimoja huamsha mu, kingine huzima delta, na katikati mnyororo wa atomi. Urefu wa mnyororo ndio siri, kama nira ya ng'ombe wawili; ikiwa fupi mno, mmoja hubaki nje. Matokeo ya 2005 yalionyesha kwamba MDAN-21, yenye mnyororo wa atomi 21, ilituliza maumivu ya panya kwa nguvu ya takriban mara 50 ya morfini, bila mwili kuizoea wala kuitegemea. Mnyororo ulipofupishwa, faida hiyo ilififia.

Ni panya, lakini. Molekuli ya namna hiyo ni kubwa, na kuifanya kidonge cha kumeza si kazi ndogo. Tena wapo wataalamu wanaouliza kama jozi hizo zipo kwa wingi katika ubongo wa kawaida, au huonekana zaidi maabara. Hakuna duka la dawa linaloiuza.

Sioni sababu ya Lubumbashi kuisubiri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, huchanganya unga wa morfini na maji na kihifadhi, mgonjwa akanywa nyumbani. Na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa nchini Uganda wanaruhusiwa kuiandika. Shida ni upatikanaji: mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1.

Kongo, kama nchi nyingine, hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya morfini ya kila mwaka kwa bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya, Vienna. Makadirio hayo kwa kawaida hutazama matumizi yaliyopita. Daktari wa Lubumbashi anayeogopa kuandika morfini mwaka huu, basi, anapunguza pia ya mwaka ujao.