Ramani Nyingi, Ardhi Moja: Kutoka Arua Hadi Koboko

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi waliowahi kutumwa mpakani wajua kwamba ramani ni silaha isiyolia. Lakini bunduki isiyosafishwa humdhuru aliyeishika, na ramani iliyoungwa ovyo ni vivyo hivyo.

Tuchukue njia itokayo Arua, ikapita Koboko na kufika Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Upande wa magharibi ni Kongo. Mkuu wa doria huhitaji kuiona nchi hiyo yote kama uso mmoja usiokatika, vilima na mabonde yake. Kumbe vipande alivyo navyo havilingani. Katika ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50. Katika ile ya 1:250,000 ni mita 250. Kadhalika, mwezi wa Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, nukta moja kila mita 30 hivi.

Kwanza, yapasa vipande vyote viletwe kwenye msingi mmoja. Ramani za zamani za Uganda zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali kifaa cha GPS hutumia WGS 84. Tofauti yake katika Uganda hukaribia mita 300. Pili, futi zigeuzwe kuwa mita: futi 4,000 ni mita 1,219. Tatu, mahali vipande vikutanapo pasikatwe kama kwa kisu. Uchukuliwe ukanda wa pamoja, na humo vipimo vya upande mmoja vipunguziwe uzito polepole huku vya pili vikiongezewa. La sivyo, kompyuta itachora mteremko wa ghafla pasipo na mteremko, na askari watazunguka bure.

Hata hivyo, mshono ukifichika jicho hudanganyika. Kitambaa kikivutwa hakizidi nyuzi: kijito kilichoachwa katika ramani ya 1:250,000 hakitatokea kwa kuikuza. Kwa hiyo pembeni pa ramani iliyounganishwa lazima ionyeshwe kila kipande kimetoka wapi, mwaka gani na kwa kipimo gani.

Karibu na Koboko, ambako nchi tatu hukutana, mita 300 zaweza kumvusha askari mpaka bila yeye kujua. Mwenye kutoa amri na aulize kwanza: hapa tulipo, tunategemea kipande kipi?