Matatizo ya Kutafsiri Hojaji ya Uundaji Upya wa Titi kwa Wasemaji wa Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, kisha akaundiwa jingine, ndiye awezaye kusema kama kazi ya mpasuaji imemfaa. Kwa msingi huo Andrea Pusic, Anne Klassen na wenzao walitoa mwaka 2009 hojaji iitwayo BREAST-Q. Hojaji hiyo humwuliza mgonjwa mwenyewe juu ya titi lake, hali ya nafsi yake, mwili wake, maisha yake ya unyumba na huduma aliyopewa. Majibu ya kila sehemu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na kwa alama hizo waganga hulinganisha njia moja ya upasuaji na nyingine. Basi neno likikosewa katika tafsiri, kosa halibaki karatasini. Huingia katika hesabu, na kutoka humo huingia katika uamuzi juu ya mwili wa mtu.

Makala haya yanachunguza baadhi ya matatizo ya lugha yanayomkabili mfasiri wa hojaji ya namna hiyo akiwaandikia wasemaji wa Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Huko Kiswahili ni lugha ya sokoni, shuleni na hospitalini, lakini kwa wengi si lugha ya mama. Bungoma wengi ni Wabukusu, pamoja na Wasabaoti na Wateso. Kitale, mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi, umekusanya watu wa makabila mengi.

2. Jina la kiungo

Kiswahili kina maneno mawili makuu: titi na ziwa. Ziwa, kwa wingi maziwa, hutaja kiungo, na pia bwawa kubwa la maji. Wingi wake ndio jina la kinywaji. Msemaji wa Lubukusu hatashangaa, kwani libeele kwa wingi huwa kamabeele, neno ambalo pia hutaja maziwa ya kunywa. Hata hivyo, "maziwa yako" katika swali la hospitali yaweza kumpeleka mama kwenye habari za kunyonyesha. Titi ni wazi zaidi, ingawa kwa baadhi ya wazee ni neno kavu mno mbele ya mgeni.

Wengi hukimbilia kifua kwa ajili ya adabu. Hapo pana hatari nyingine. Asemaye anaumwa kifua huenda anakusudia kikohozi, na hojaji ya asili hutenga maswali ya titi na maswali ya eneo la kifua. Afadhali kusema "titi" katika maswali ya kwanza, na "mahali pa kifua palipopasuliwa" katika yale ya pili.

3. Jina la upasuaji

"Upasuaji wa plastiki" ni tafsiri ya sauti tu. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kufinyanga, lakini plastiki ijulikanayo Kitale ni ile ya ndoo na mifuko. Mgonjwa aliyeundiwa titi kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe ana haki ya kuuliza plastiki hiyo iliwekwa wapi. "Ujenzi" nao hukumbusha nyumba, na "urekebishaji" hudokeza kwamba palikuwa na kasoro. "Kuundiwa titi upya" husema kilichotendeka bila kumlaumu mtu.

4. Ngazi za majibu

Tatizo zito zaidi limejificha katika maneno madogo. Hojaji ya asili ina majibu manne, kutoka kutoridhika sana hadi kuridhika sana. Mfasiri wa haraka ataandika: sijaridhika sana, sijaridhika kidogo, nimeridhika kidogo, nimeridhika sana. Kwa macho orodha hii imekamilika. Lakini katika Kiswahili ukanushi wa kitenzi huweza kukikumba kielezi kinachofuata. "Sijaridhika sana" husikika kama kauli ya mtu aliyeridhika, ila si sana. "Sijaridhika kidogo" huweza kusikika kama "sijaridhika hata kidogo". Hivyo ngazi ya kwanza hupanda, ya pili hushuka, na mwanamke mwenye uchungu mwingi huhesabiwa kuwa ana nafuu.

Njia moja ya kuepuka jambo hili ni kuuliza mara mbili: "Umeridhika au hujaridhika?", kisha, "Kwa kiasi kikubwa au kidogo?" Kielezi huondoka katika kivuli cha ukanushi, na hata asomewaye hupata nafasi ya kufikiri. Lakini kubadili umbo la hojaji kwahitaji ruhusa ya wenyewe na majaribio mapya.

Pia yafaa kitajwe kinachoridhiwa. "Nimeridhika" yaweza kuwa kauli ya mja aliyepokea majaliwa ya Mungu, wala si hukumu juu ya umbo la titi.

5. Uthibitishaji

Tafsiri ya kurejesha, aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970, haitoshi kufichua kosa hili. Anayerejesha hujua Kiingereza. Akiona "sijaridhika kidogo" atarudisha maneno yale yale ya asili, na kamati itaridhika. Kipimo cha Cronbach cha mwaka 1951 nacho huonyesha kama majibu yanakwenda pamoja, wala hakionyeshi kama yameeleweka ilivyokusudiwa. Uchanganuzi wa Rasch, uliotumiwa kuunda BREAST-Q, waweza kuonyesha kwamba ngazi zimepinduka, lakini hausemi kwa nini.

Sababu hupatikana kwa kumwomba mgonjwa aeleze swali kwa maneno yake mwenyewe. Tafsiri ya Kiswahili ya SF-36, hojaji ya afya kwa jumla, ilipimwa Tanzania na matokeo kuchapishwa mwaka 1999. Hata tafsiri iliyofaulu huko haina budi kusikilizwa upya Bungoma.

6. Hitimisho

Kazi hii si ya waganga na watakwimu peke yao. Mwanaisimu anapaswa kuwapo tangu rasimu ya kwanza, na mwanamke wa Kitale au Bungoma awe mwamuzi wa mwisho wa maneno atakayoulizwa juu ya mwili wake.