Nuru Ndani ya Uzi wa Kioo

Aliyepata kufika Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hakosi kuziona nguzo ndefu za chuma ziendazo katika kituo kikubwa cha kupozea umeme. Nyaya nene zilizoning'inia katika vikombe ndizo zichukuazo umeme. Lakini juu kabisa, kwenye vilele vya nguzo, hupita waya mwingine ambao aghlabu watu hawauangalii. Kazi yake ya kwanza ni kuikinga njia na radi. Kazi yake ya pili ndiyo tuliyokusudia kuieleza leo. Kwani katika njia kubwa za umeme, kama ile itokayo Iringa ikapita Dodoma na Singida hata Shinyanga, ndani ya waya huo wa juu mna nyuzi za kioo, na ndani ya kioo hupita nuru yenye kuchukua maneno ya watu.

Uzi mmoja wa namna hii unene wake ni thumuni ya milimita tu, karibu sawa na unywele. Nuru yenyewe haipiti katika unene wote huo, bali katika kiini cha katikati, ambacho hakifiki hata sehemu ya kumi yake.

Msomaji atauliza: kioo si kitu cha kupenyeza nuru? Basi mbona isitoke ubavuni, uzi unapopinda? Watoto wetu wanaweza kulijaribu jambo hili nyumbani usiku. Chukueni chupa ya maji ya plastiki iliyo nyeupe, mtoboe ubavuni, karibu na chini, tundu la kadiri ya punje ya mtama. Zibeni tundu kwa kidole, mjaze maji, kisha mwashe tochi ya betri upande wa pili ikilielekea tundu. Zimeni taa, mwondoe kidole. Maji yatachuruzika kwa kupinda, na nuru itapinda pamoja nayo. Mwenye kukinga kiganja ataiona imemwangukia mkononi. Daniel Colladon aliwaonyesha watu jambo hili huko Geneva mwaka 1841, na mama asione taabu sakafu ikilowa kidogo.

Sababu yake ni hii. Nuru ikitoka katika maji kwenda katika hewa, hupinda. Ikiufikia ukingo wa maji kwa mshazari mkubwa, hukosa njia ya kutoka, ikarudishwa yote ndani kama iliyogonga kioo cha kujitazamia. Hurudishwa upande huu, ikaenda ikarudishwa upande wa pili, na huku inasonga mbele. Katika uzi, mahali pa maji pana kiini cha kioo, na mahali pa hewa pana kioo cha namna nyingine kilichokizunguka, ambacho nuru hukimbia ndani yake kwa upesi zaidi kidogo. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuifunga nuru ndani.

Elimu hii ya kupinda na kurudi kwa nuru si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Cairo, aliandika Kitab al-Manazir, akasisitiza kwamba neno la nuru lithibitishwe kwa kujaribu. Baada yake Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki yapata mwaka 1319, alijaza maji katika tufe la kioo, akalitumia kueleza upinde wa mvua: nuru huingia katika tone ikapinda, ikarudishwa ndani, ikatoka ikapinda tena. Hatusemi kwamba wao ndio waliovumbua uzi wa kioo. Si kweli, na mwanachuoni hapandishwi daraja kwa uwongo.

Uzito uliobaki ulikuwa usafi wa kioo. Kioo cha kawaida huimeza nuru kabla haijafika mbali. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kosa ni la taka zilizomo ndani ya kioo, wala si la kioo chenyewe. Na kwamba ikibaki hata sehemu moja katika mia ya nuru baada ya kilomita moja, uzi utafaa kwa simu. Mwaka 1970 mafundi wa Corning, Marekani, walikivuka kipimo hicho. Siku hizi nuru husafiri kilomita 15 na nusu yake ingali imo. Kao alipewa tunzo ya Nobel mwaka 2009.

Maneno yetu hugeuzwa kuwa mwako na mzimo wa nuru, mara mabilioni kwa sekunde. Nuru hiyo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hata njia ya kilomita 450 kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam haimalizi sehemu tatu katika elfu ya sekunde. Madaktari nao huitumia: tangu mwaka 1957, Basil Hirschowitz alipotazama tumbo la mgonjwa kwa mrija wa nyuzi za kioo, vidonda vya ndani huonekana pasipo kisu. Na kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, vituo vya umeme hupashana habari kwa uzi huo bila ya kudhurika.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Mikongo ya nchi kavu ilikuwa mizima, lakini hata bara, mbali na pwani, watu walikosa intaneti. Huo ni msiba wa baharini. Wa nchi kavu mara nyingine twajiletea wenyewe: mtu huchimba mkongo uliozikwa kando ya barabara akidhani ana shaba, akapata plastiki na kioo kisicho na mnunuzi, na huku dukani fedha za simu hazitumwi. Fundi hapiti akifukua njia nzima. Hupeleka nuru kwa upande mmoja, akapima muda wa mwangwi wake kurudi, akajua kilomita ya ngapi imekatika. Kisha huenda na hema dogo la kuzuia vumbi, akaziyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme, akaziunga uzi kwa uzi.